Nyimbo za wanafunzi na mabuku yanayozihifadhi: kitabu cha Fisk mbele ya kaye zetu

Kila mwaka, siku ya kutoa diplome, tunasimama. Maprofesa wanaingia na majoho yao, mu bafle kunatoka wimbo wa Kilatini, Gaudeamus igitur, na watu wote, wazazi, wanafunzi, hata polisi aliye mlangoni, wananyamaza. Tumehudhuria sherehe hizo mara nyingi, kwanza kama wanafunzi, kiisha kama walimu waliosindikiza vijana wao. Hatujapata kumuona mtu hata mmoja akifungua kinywa kuimba. Wimbo unaitwa wa wanafunzi, lakini mwanafunzi hayumo. Mashini ndiyo inaimba kwa niaba yake.

Tumeanzia hapo sababu shirika letu limejipa kazi ya kukusanya nyimbo za mashule yetu, zile za kolezi, za liseo na za vyuo, na kuzitia mu kijitabu. Kazi ni nzuri, nasi tumo ndani yake. Lakini mabishano yameanza. Wengine wanasema tuandike maneno tu, wengine wanataka nota, wengine wanataka tusafishe kwanza mambo ya aibu. Kabla ya kuamua tuliona vema kusoma mabuku ya wenzetu waliotangulia, tuone yamehifadhi nini na yamepoteza nini. Tutasema juu ya mawili: moja la Wadachi, na moja la wanafunzi weusi wa Marekani. La pili ndilo lililotukalisha usiku.

Tuanze na ule wa Kilatini. Watu wanafikiri Gaudeamus ulishuka kutoka mbinguni vile ulivyo. Hapana. Mawazo yake mengine ni ya karne ya 13, yale ya kuuliza wako wapi waliotutangulia duniani, lakini maneno tunayoyajua sasa yalichapwa Halle, Ujerumani, mwaka 1781, na mtu anayeitwa Christian Wilhelm Kindleben, mu kitabu chake cha nyimbo za wanafunzi. Mwenyewe alikubali kwamba aligusa maneno, akageuza mambo. Sauti yake haikuchapwa mpaka miaka michache baadaye, 1788. Yaani ule wimbo tunaousimamia kama mlingoti wa bendera ni kazi ya mtu mmoja aliyesikia wanafunzi wakiimba kwenye meza ya bia, akatengeneza alivyoona vema. Hatumlaumu. Bila yeye pengine usingetufikia. Lakini hatuwezi tena kujua wanafunzi wenyewe waliimba nini kabla ya kalamu yake kupita, na hilo tulikumbuke tutakapofika kwenye kaye zetu.

Kitabu kikubwa cha Wadachi kilikuja mwaka 1858, mu mji wa Lahr, kwa mchapaji Moritz Schauenburg. Kinaitwa Allgemeines Deutsches Kommersbuch. Kimechapwa tena zaidi ya mara 150, jambo ambalo mwandishi yeyote wa kwetu angeota usiku na kuamka akilia. Jalada lake lina misumari ya chuma, vichwa vyake vimetokeza inje, ili buku likilazwa mezani lisiguse bia iliyomwagika. Sisi tunaopanga mabuku kwenye kabati la prefe, na ufunguo ukae mfukoni mwake, tufikiri kidogo juu ya misumari ile. Yule aliyetengeneza buku alijua litaenda wapi. Alijua watu watalitumia usiku, wakiwa wengi, wamelewa, na bado alitaka lidumu.

Ndani mna kila kitu: nyimbo za kunywa, za safari, za mapenzi, za nchi. Mna na ule wa August Binzer wa mwaka 1819. Wanafunzi wa Jena walikuwa wameunda chama mwaka 1815, wakitaka Ujerumani iwe nchi moja. Serikali zikaogopa, chama kikavunjwa Novemba 1819, na Binzer akawaandikia wenzake wimbo wa kuagana. Sauti ile haikufa. Johannes Brahms, alipopewa udaktari wa heshima na chuo cha Breslau (leo Wrocław, inchini Poland), alijibu kwa muziki wa orkestra uliojaa nyimbo za wanafunzi, akauongoza mwenyewe kule Breslau Januari 1881. Ule wa Binzer umo, na Gaudeamus ndio unaofunga. Na visiwa vya Mikronesia, mbali kabisa mu bahari ya Pasifiki, tangu 1991 wimbo wa taifa lao unaimbwa kwa sauti hiyohiyo. Wimbo wa chama kilichokatazwa umekuwa wimbo wa serikali! Tuliposoma hayo tulicheka peke yetu, nyumba nzima ikatushangaa.

Lakini buku la Lahr lina kasoro, na kasoro yenyewe si ya uchapaji. Ni buku la wanaume watupu. Gaudeamus una ubeti wa kuwasifu wasichana na wanawake, na wakati ule hakuna mwanamke hata mmoja aliyeruhusiwa kuandikishwa kama mwanafunzi. Baden ilifungua mlango mwaka 1900, Prussia mwaka 1908. Miaka zaidi ya mia moja wanaume walikaa wakiwaimbia heri watu waliowafungia inje. Buku linahifadhi hilo pia, bila kujua. Mwalimu anayetaka kulifundisha asiliruke.

Sasa tuje kwa Fisk, kwani hapo ndipo mambo yenyewe yaliko.

Chuo cha Fisk kilifunguliwa Nashville, inchi ya Tennessee, mwaka 1866, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimekwisha mwaka mmoja tu. Kilianza ndani ya majengo ya zamani ya hospitali ya jeshi. Wanafunzi walikuwa watu waliotoka utumwani na watoto wao. Mwaka 1871 chuo kilikuwa karibu kufungwa kwa deni. Mwalimu wa muziki, ambaye pia alishika sanduku la makuta, George White, akachukua vijana tisa, wengi wao waliozaliwa utumwani, akatoka nao Oktoba 6 kwenda kuimba kaskazini. Mbele ya mwaka kwisha akawapa jina la Jubilee Singers, kwa kukumbuka mwaka wa yubile mu kitabu cha Walawi, mwaka wa kuwaacha watumwa huru. Safari ile ya kwanza ilileta dola 20,000. Deni likalipwa, kiwanja kikanunuliwa, na jengo la Jubilee Hall likazinduliwa Januari 1876. Mwaka 1873 walikuwa wameimba mbele ya malkia Victoria. Walimu wenzetu wanaongojea prime ya wazazi tangu miaka ya 1990 wasome hesabu hiyo polepole: chuo kizima kilijengwa kwa koo za wanafunzi.

Wanavyosimulia watu wengi, ni kama vijana wale walitoka na nyimbo za watumwa mkononi tangu siku ya kwanza. Sivyo. Mwanzo waliimba nyimbo za wazungu, zile za konseri, ndizo walizofundishwa. Nyimbo za wazee wao walizificha. Ella Sheppard, aliyepiga piano na kufundisha kundi, aliandika baadaye kwamba nyimbo zile zilikuwa takatifu kwa wazazi wao na hazikuwa za kuonyeshwa watu. Walikuwa wanaingia chumbani, wanafunga mlango na mapazia, wanakaa chini na kufundishana kwa sauti ndogo. Wengine waliona haya pia: nani aliyetoka utumwani juzi angetaka kuusimamisha utumwa jukwaani? White ndiye aliyewasukuma. Watu waliposikia walilia, makuta yakaingia, na nyimbo za mlango uliofungwa zikawa programu yenyewe.

Mwaka 1872 zikachapwa New York: Jubilee Songs, kazi ya Theodore Seward, mwanamuziki mzungu. Buku liliuzwa kwenye konseri zao. Kuanzia miaka ile ya 1870 J. B. T. Marsh naye akatoa historia ya kundi pamoja na nyimbo zake, na hiyo ikachapwa na kuchapwa tena.

Tuseme mazuri kwanza. Seward alifanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi. Hakuketi ofisini akikumbuka. Anaeleza kwamba aliandika akiwasikiliza waimbaji wenyewe, mara kwa mara, na hakuingiza kitu kisichokubaliwa nao. Aliona pia namna ngazi ya sauti zao inavyoacha nota mbili, ya nne na ya saba, akaeleza bila kucheka. Kwa wakati ule, ambapo wazungu walijipaka masizi usoni kuwaiga watu weusi majukwaani, ile ni heshima kubwa.

Lakini fungua ukurasa wowote. Wimbo umesimama kama kiti: mistari mitano, sauti zimepangwa namna ya kanisa la Kiprotestanti, kila nota mu sanduku lake. Mwitikio, pale mmoja anapotangulia na kundi kumjibu, umebaki kama neno dogo juu ya mstari. Sauti inayoteleza kati ya nota mbili haina alama. Mguu unaopiga chini haupo. Na tusiseme eti wakati ule hakuna aliyejua. Miaka mitano mbele, mwaka 1867, William Francis Allen, Charles Ware na Lucy McKim Garrison walitoa Slave Songs of the United States, buku la nyimbo 136, na mu maneno ya kutangulia walikubali wazi kwamba nota haziwezi kushika tabia yote ya nyimbo zile. Wale watatu waliungama umasikini wa chombo chao. Seward alikitumainia zaidi. Sisi tunawapa maksi nyingi wale watatu kwa sababu hiyo, ijapokuwa buku la Seward ndilo lililofika mikononi mwa watu wengi.

Tena kuna jambo gumu zaidi. Buku lilipotoka, kundi liliendelea kuimba, nalo likaanza kufanana na buku. Wenye kusikiliza walikuja na kitabu, wakangojea kile kilichoandikwa. Kwetu hilo tunalijua vizuri: korali ikishapata karatasi, kiongozi anamkemea mama aliyeongeza neno lake, “hii haiko mu karatasi!” Na pengine lile neno la mama lilikuwa la zamani kuliko karatasi.

Aliyetengeneza mambo ni mtoto wa Fisk mwenyewe. John Wesley Work wa pili alikuwa mwalimu wa Kilatini na historia palepale chuoni, tena mwimbaji. Pamoja na ndugu yake Frederick alikusanya nyimbo nyingine kwa watu, akachapisha, na mwaka 1915 akatoa buku lake juu ya nyimbo za watu weusi wa Marekani. Zaidi ya hayo, Desemba 1909 aliingia na wenzake watatu mbele ya mashini ya kunasa sauti ya kampuni ya Victor. Sahani zile zingalipo. Mtu anaweza kuzisikia kwa simu. Tulizisikia usiku mmoja, stima ilipokuwa imerudi, huku tumefungua ukurasa wa Seward. Ni wanaume wanne, si kundi lile la 1871 lililochanganya vijana na wasichana, nao wamelainisha mambo yao kweli. Hata hivyo mara mbili tatu sauti ya kwanza inaachilia nota kabla ya wakati wake, inaipanda pole kama mtu anayepanda kilima na mzigo kichwani, na ukurasa hauna habari yoyote. Hapo ndipo tulifahamu kilichokuwa kinatusumbua. Buku si wimbo. Buku ni mfupa. Mwenye kuujua mwili ataujenga tena, asiyeujua ataona mfupa tu.

Wasomaji watauliza: Fisk na sisi, ni wapi na wapi? Iko njia. Althea Brown, aliyemaliza masomo yake Fisk mwaka 1901, alifika Kasai mwaka uliofuata na misioni ya Wapresbiteri, akafanya kazi huko mpaka kifo chake mwaka 1937. Sarufi na kamusi yake ya lugha ya Wakuba ilichapwa Luebo mwaka 1932. Mbele yake alifika Lucy Gantt, bibi wa William Sheppard, ambaye aliwahi kuzunguka na kundi la Jubilee la Frederick Loudin, na kule Luebo akashiriki kutia nyimbo za ibada mu lugha ya wenyeji. Basi mkono ulioshika nyimbo za watumwa uliandika pia nyimbo za Kongo. Watumwa wale wengine walitoka pande zetu. Wajukuu wakarudi na kitabu.

Na sasa kaye zetu.

Tulipokuwa sekondari, kila mwanafunzi alikuwa na kaye ya nyimbo. Mu kurasa za mbele, nyimbo za misa na wimbo wa shule. Katikati, nyimbo za mpira. Nyuma kabisa, ukigeuza kaye kichwa chini, nyimbo ambazo wapadri hawakupaswa kuziona: za kuwakaribisha wapya, za kumcheka prefekti wa nidhamu, za maharagwe ya bweni. Hakuna aliyeandika nota. Juu tuliandika tu “sauti ya wimbo fulani”, na kila mtu alijua. Kaye yetu ilibaki nyumbani Oktoba 1996, siku tulipokimbia Bukavu. Tuliporudi mlango ulikuwa umefunguliwa na karatasi zote zilikuwa zimekwisha kuwashia makala. Hatumlaumu aliyewasha. Alikuwa na njaa, na karatasi ni karatasi.

Tangu mwaka jana tunatafuta kuzirudisha. Wimbo mmoja wa kuagana, wa finaliste, tuliuomba kwa watu watatu tuliosoma nao. Wakatupa nyimbo tatu. Mmoja ana beti nne, mwingine tano, wa tatu ana maneno mamoja na sauti tofauti, tena anaapa. Tulipouimba mbele ya wanafunzi wetu wa sasa walitusahihisha: wao wana ubeti wa mwalimu anayeuza makala sokoni kwa kukosa mshahara, ubeti ambao wakati wetu haukuwapo. Tufanye nini? Kindleben angechagua, angepiga pasi, na baada ya miaka mia mbili watu wangesimama kwa heshima. Wenzetu wengine wa shirika wanataka hivyohivyo: toleo moja, safi, lenye nota nne za korali. Sisi tunakataa. Tuziandike zote tatu, na ule wa watoto, kila moja na mwaka wake, mahali pake, na ni nani anaiimba vile. Maneno yaandikwe, nota ziandikwe kwa anayeziweza, lakini sauti inaswe kwa simu kabla wazee hawajatuacha. Simu ziko, hata mu vijiji. Seward hakuwa nayo. Sisi tutajitetea namna gani?

Juu ya nyimbo za kuwakaribisha wapya, tunaona tofauti na wale wanaotaka kuchoma. Nyingine zilikuwa mchezo. Nyingine zilikuwa matusi ya kumvunja mtoto wa miaka kumi na minne aliyelala mara ya kwanza mbali na mama yake, nasi tulizilia kabla ya kuziimba kwa wengine mwaka uliofuata. Hizo ziandikwe pia, na ielezwe zilitumiwa kufanya nini. Buku la Lahr lingekuwa bora kama pembeni ya ubeti wa wanawake kungekuwa na mstari mmoja wa kusema kwamba wao wenyewe hawakuwamo.

Kuna jambo moja tu ambalo hatujalipatia jibu. Mu mwezi wa tatu tulikwenda kwa mama mmoja aliyesoma liseo miaka ya 1960, anayejua nyimbo nyingi kuliko sisi wote. Mbele ya simu alikataa. “Mwalimu, miye siko radio,” akasema. Tukazungumza habari za mashamba, chai ikaletwa. Baadaye yeye mwenyewe alisimama, akafunga mlango, akamwambia mjukuu atoke, akaimba wimbo ambao wasichana wa bweni lao walimwimbia mwenzao aliyeondolewa shuleni kwenda kuozwa. Beti tatu. Aliuimba akitazama dirisha. Alipomaliza alituruhusu kuandika ubeti wa kwanza na wa pili. “Ule wa tatu,” akasema, “bwana yake angali muzima. Muuache.”

Tuliuacha. Lakini tunaukumbuka, na kila tunapofungua kaye mpya tunaona nafasi yake, mistari minne, na pembeni tumeandika kwa penseli: upo.